Mrejesho: Roadster yangu haigongi tena

Wakuu, mwezi uliopita niliwauliza kama naweza kubadilisha shokapu za Eunos Roadster yangu ya 1992 (kile kigari cha Mazda cha viti viwili, paa la turubai la kukunja) mwenyewe, hapa nyumbani Chumbageni, Tanga, maana ilikuwa inagonga nyuma. Nimefanya, asanteni sana.

Shokapu zote 4 zilikuwa zinavuja. Nikafunga mpya na springi fupi kidogo. Kelele ikabaki! Kumbe bushi, zile raba za kwenye maungio ya mikono ya chini ya gari inayoshika matairi. Fundi aliyezifunga mwaka jana alikaza bolti gari likiwa kwenye jeki, mikono inaning'inia. Gari likishuka, raba inabaki imejisokota muda wote mpaka inachanika. Moja niliyoitoa kidole kilipita kwenye ufa. Safari hii, nilipofunga mpya, nimelishusha kwanza likae kwenye matairi, nikalisukuma mbele na nyuma, ndipo nikakaza. Jamani, hatua hii msiiruke. Halafu alaimenti (kupima na kunyoosha matairi), lazima.

Muonekano: kioo cha plastiki cha nyuma nimekisugua kwa dawa ya kung'arishia taa, sasa naona bodaboda zinazonifuata. Bampa nimepaka rangi. Ila kilichonishtua ni matundu ya kutolea maji ya turubai, nyuma ya viti, kwenye kona za mikanda. Yalikuwa yamezibwa na vijani vya mwarobaini, maji yametuama, na kwa upepo huu wa chumvi kutu ilishaanza. Nimeyazibua taratibu kwa mpira mwembamba. Wenye gari kama hii, angalieni leo.

Jumapili tumekwenda Muheza na mama watoto, turubai chini. Matuta yote, kimya.