Mrejesho: Asili ya jina Edith

Wiki tatu zilizopita niliuliza asili ya jina Edith, ambalo tulitaka kumrithisha binti yetu kutoka kwa bibi yake, na wengi mlinijibu kwamba ni la Biblia. Nimefuatilia, na sivyo: la Biblia ni Judith. Edith limetokana na Kiingereza cha kale, "ead" likiwa na maana ya utajiri au heri, na "gyth" vita. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, majina mengi ya wenyeji yalififia, hata Edith wa Scotland alipoolewa na mfalme Henry wa Kwanza mwaka 1100 akaitwa Matilda. Hata hivyo hili halikupotea, likaja kuvuma tena mwishoni mwa karne ya 19.

Lililonigusa zaidi ni habari ya Edith Cavell, muuguzi Mwingereza aliyepigwa risasi na Wajerumani mjini Brussels tarehe 12 Oktoba 1915 kwa kuwatorosha askari. Miezi miwili baadaye alizaliwa Paris mwimbaji Édith Piaf, aliyepewa jina lake.

Cheti cha ubatizo cha bibi kinasomeka "Edita", kwa wino uliopauka. Sisi tumeandikisha Edith, na mama mkwe, aliyeiogopa hiyo "vita", ameridhika na nusu ya kwanza.