MREJESHO: Hoteli ya kifahari mashambani Ufaransa

Wakuu, niliuliza hapa nimpeleke mke wangu wapi kiangazi hiki: hoteli ya kasri kwenye bonde la Loire, au nyumba ya mawe huko Luberon, Provence, kusini mwa Ufaransa. Tumerudi salama. Ahsanteni sana.

Tulimfuata aliyesema Luberon, tena mwishoni mwa Juni, si Agosti. Mungu ambariki. Maua ya lavenda kwenye abasia (makao ya watawa) ya Sénanque yalikuwa yamechanua zambarau tupu, nyuki wanavuma hadi unawasikia ukiwa bado barabarani. Mkisubiri sana Julai mtakuta yanavunwa.

Treni ya kasi ya TGV kutoka Paris hadi Avignon ni chini ya saa 3, na gari la kukodi tulilichukua palepale stesheni. Bila gari msijaribu: mabasi ni machache na vijiji kama Gordes na Bonnieux viko juu vilimani.

Aliyesisitiza tuulize kiyoyozi kabla ya kulipa, shikamoo yako. Hoteli moja nzuri mno kwenye picha ilijibu haina, tukaiacha. Joto la kule si la mchezo.

Kilichokwama ni chumba kwenye hoteli tuliyofikia. Tuliahidiwa kinachotazama bonde, tukapewa cha upande wa maegesho. Tulilalamika, wakarudisha sehemu ya pesa, lakini chumba hatukupata. Mgahawa wao nao ulifungwa Jumatatu na Jumanne, tukawa tunakula kijijini, na kusema kweli chakula cha kijijini kilikuwa kitamu zaidi.

Atakayekwenda, ahakikishe aina ya chumba imeandikwa kwenye uthibitisho wa malipo.