Mtu wangu wa penseli hakanyagi chini, nakosea wapi?

KuliWaKaratasi:
Wakuu, habari za jioni. Nipo Kigoma, nachora kwa penseli, mwaka wa tatu huu. Sura zimeshanikubali, nikikuchora, mama yako atakujua. Kazi ipo kwenye mwili mzima. Jana nilikaa mwaloni Kibirizi nikamchora kuli mmoja aliyekuwa anasubiri boti, mkono kiunoni, mguu mmoja kaulegeza. Nimehangaika naye mpaka mishipa ya mkono, mpaka kandambili iliyoshikizwa kwa waya. Nikamwonesha. Akacheka: "Mbona kama umenianika kwenye kamba?" Na kweli, anaelea. Natumia penseli za HB, 2B na 6B (kutoka ngumu kwenda laini na nyeusi), karatasi ya fotokopi. Nakosea wapi?

TimaziMoja:
Mkuu, kandambili ilikuwa ya mwisho, wewe umeanza nayo. Mtu akiegemea mguu mmoja, nyonga ya upande huo inapanda, na bega la upande huohuo linashuka. Bila shaka yako umeyanyoosha kama rula. Hapo mwaloni omba uzi wa nailoni, funga chubwi, ushike mbele ya jicho moja, jingine fumba. Upitishe kwenye kishimo cha shingo: kwa mtu aliyesimama hivyo, unashuka karibu na kifundo cha mguu wenye uzito. Wako ukishukia katikati ya miguu miwili, ujue ndipo ulipomwanika.

DadaMwanga:
Na kichwa umepima? Mtu mzima ni kama vichwa saba na nusu, utosini hadi kisiginoni. Nyoosha mkono wote, penseli wima, ncha ipatane na utosi wa unayemchora, kidole gumba kipatane na kidevu chake, kisha hesabu kushuka. Sisi tunaopenda sura tunakuza kichwa. Mimi karatasi ilikuwa inaisha magotini! Halafu hiyo 6B kwenye fotokopi ukiikandamiza inang'aa kama sufuria. Tafuta yenye mkwaruzo kidogo, na chini ya kiganja weka karatasi safi, maana kwa joto letu hili jasho litakufutia kazi.

Msafiri_wa_Reli:
Nauliza tu, kuli kalipwa?

KuliWaKaratasi:
@Msafiri, nilimtoa soda, na mwenzake naye akadai.

Nimerudi leo asubuhi. Dada, vichwa sita kasoro! Timazi, mabega yalikuwa rula kweli, na uzi kwenye mchoro ulianguka katikati ya miguu, palepale uliposema. Nimeanza upya kwa HB peke yake: mstari wa mabega, wa nyonga, wa uzito, basi. Uso nimeuacha duara tupu, roho ikiniuma. Kivuli kidogo chini ya nyayo nacho kimesaidia. Boti ikaingia kabla sijafika mguu wa pili, jamaa akaondoka mbio.

Ila swali jingine: alirudi na gunia begani, kainama upande. Hapo uzi naupitisha shingoni bado, au gunia nalo lihesabiwe?