Mrejesho: Cygnus yangu, saspensheni ya haidroliki nimeitoa

Wakuu, mliokumbuka niliuliza kama nikarabati ile saspensheni ya haidroliki (inayobeba gari kwa mafuta yenye presha) kwenye Land Cruiser Cygnus yangu ya 2000 au niitoe, nimeitoa. Nyuma springi nzito, mbele toshenbaa nene (vyuma virefu vinavyojipinda kufanya kazi ya springi) maana hii gari mbele haina springi za kuviringa, shokapu za kawaida kote, imepanda inchi 2 na tairi 285/75R16 zinazunguka bila kugusa. Juzi nimetoka nayo Mto wa Mbu kupitia Engaruka mpaka Ziwa Natron, makorongo yote imepita jamani nimefurahi mno! Kwenye lami ule ulaini wa zamani haupo tena, nauona kabisa. Alonambia nikague taimingi belti (mkanda wa ndani ya injini) kabla ya safari asante sana, ilishaanza kupasuka.