Mada: "Bi" limekuwa jina langu la kwanza

Mama Salma (Leicester): Asalaam aleikum jamani. Nilijaza fomu ya kodi ya halmashauri, pa jina nikaandika kama nilivyozoea: Bi. Zuhura. Jana barua imeingia: "Dear Mrs Bi". Jina la kwanza Bi, la kati Zuhura! Benki wanataka barua hiyohiyo kuthibitisha anwani, na eVisa yangu haina Bi yoyote. Nifanye deed poll, nibadilishe jina kisheria, au barua ya kawaida ya kusahihisha inatosha?

Baba Idi (Minneapolis): Pole dada, ila shukuru si FNU. Pasi yangu ilikuwa na jina moja, kwenye viza wakaligeuza ukoo, mbele wakagonga FNU, yaani jina la kwanza halijulikani. Kazini miaka yote naitwa "Finu". Nimelitua kwenye N-400, fomu ya kuomba uraia wa Marekani, mbele ya jaji.

Kaka Leeds: Baba Idi, N-400 ni ya huko kwenu. Dada, kwanza waambie waweke Ms. Mrs ni mke wa mtu.

Mama Salma: Mimi ni mke wa mtu.

Mwana wa Pemba: Kaka, usipotoshe watu. Ms ni ya mwanamke yeyote asiyetaka kuulizwa habari za ndoa, aliyeolewa na asiyeolewa. Ni Bi yetu hasa. Na mkikata tiketi muangalie: mifumo mingine inabandika cheo kwenye jina. Mume wangu aliandikwa JUMAMR, binti wa kaunta akauliza, "Jumamari ndiye nani?"

Mzee wa Reading: Hapa Uingereza daktari akishakuwa bingwa wa upasuaji anaacha Dr, anarudi kuwa Mr. Siku ya ngiri yangu nilikaribia kushuka kitandani, nikasema mimi nataka daktari, si bwana huyu. Tanga nani alijua Mrs? Mtoto wa kwanza akizaliwa, umeshakuwa Mama Salma, basi. Na enzi za Mwalimu sote tulikuwa Ndugu. Leo diwani usipomwita Mheshimiwa hageuki.

Kaka Leeds: Mzee, siasa tena?

Mzee wa Reading: Hiyo ni adabu, si siasa. Na hujaniamkia.

Kaka Leeds: Shikamoo.

Mzee wa Reading: Marahaba.

Mama Salma: Shikamoo mzee. Jamani, benki wanafunga saa kumi na nusu. Deed poll au barua?

Baba Idi (Minneapolis): Deed poll ndiyo nini?