Shanta ya kupanda nayo ndani ya ndege: lita 45, 40, au hata pungufu?

MguuNjia (swali)

Habari zenu wasafiri. Ninajiandaa kwa safari ya siku kumi na mbili itakayonipitisha katika mashirika matatu ya ndege, na nimeazimia kutokabidhi mzigo wowote, kwa kuwa mara ya mwisho begi langu lilinifuata siku mbili baada ya mimi kufika. Nimebakiwa na shanta mbili: Osprey Farpoint 40, yenye mkanda madhubuti wa kiunoni, na Peak Design ya lita 45, ambayo hubanwa kwa zipu ikapungua hadi lita 35. Hii ya pili imenivutia kwa mifuko yake na namna inavyofunguka ubavuni na mgongoni, ila ni nzito. Mimi ni mfupi, mgongo wangu hauvumilii uzito, na sitembei bila kompyuta mpakato. Nianze kutazama nini?

Kobe

Anza na vipimo na uzani, lita uziweke mwisho. Mhudumu wa langoni hana chombo cha kupimia lita. Ana kisanduku na mizani. Baadhi ya mashirika yanaruhusu sentimita 55 kwa 40 kwa 20, na yale makubwa ya Marekani 56 kwa 36 kwa 23, kwa hiyo begi la kupita katika makundi hayo mawili lisizidi 55 kwa 35 kwa 20. Zidisha namba hizo utapata lita 38 na nusu, tena kwa sanduku lenye kona kali ambazo shanta haina. Lita 45 zikijazwa kikamilifu, lazima zitokeze mahali fulani.

Uzani ndio unaowaumbua wengi. Emirates na Qatar Airways, kwa daraja la kawaida, wanaruhusu kilo 7. Peak Design ikiwa tupu ina takriban kilo 2, na kompyuta pamoja na chaja yake inaweza kula nyingine mbili, ukabakiwa na kilo tatu za nguo, viatu na kila kitu kingine. Farpoint ina kama kilo moja na nusu. Nusu kilo inayookolewa ni suruali moja ya jinzi.

Mpandamilima

Naongezea habari ya mgongo, maana ndiko unakoumia. Mwombe mtu akupime kuanzia mfupa uliochomoza chini ya shingo hadi usawa wa juu wa mifupa ya nyonga. Urefu huo ndio unaochagua shanta, wala si kimo chako. Farpoint ya toleo la sasa ina mikanda ya mabegani inayopandishwa na kushushwa kufuata mgongo wa mvaaji, ilhali ya Peak Design haina marekebisho hayo. Mkanda wa kiunoni unapokaa juu ya nyonga, sehemu kubwa ya mzigo huhamia miguuni. Ukikaa tumboni ni pambo tu. Usiijaribu ikiwa tupu: tia kompyuta na vitabu vya kilo sita, kisha tembea nayo dakika ishirini.

Nyepesi

Mimi napingana nanyi nyote wawili kuhusu ukubwa. Siku kumi na mbili ni nguo za siku tano zinazofuliwa mara mbili, na lita 30 zinatosha. Ndege ikijaa, mabegi ya kuwekwa juu ya viti ndiyo yanayochukuliwa langoni na kupelekwa chini, yaani kilekile unachokikimbia. La kuingia chini ya kiti, ambalo easyJet kwa mfano wanalipimia 45 kwa 36 kwa 20, huwa haliguswi. Ukiamua kubeba kubwa, weka betri ya kuchajia simu mfuko wa juu uitoe haraka likichukuliwa, kwa sababu betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye shehena.

MguuNjia

Nashukuru. Nimepima mgongo na kujaribu zote mbili, na Peak Design nimeiacha kwa shingo upande. Hoja ya lita 30 ni nzuri, lakini nakwenda kwenye baridi na koti pekee linajaza nusu. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba kina cha Farpoint kimeandikwa sentimita 23.

Kobe

Koti livae unapopanda, usilipakie. Kuhusu zile 23, urefu na upana wa shanta hii vimeshikiliwa na fremu, lakini kina ni kitambaa kitupu: hufika huko pale tu mfuko wa mbele unapojazwa. Viatu viweke chini kabisa karibu na mgongo, mfuko wa mbele ubaki na karatasi na soksi, kisha kaza mikanda ya kubania. Ipime kwa rula ikiwa imeshapakiwa, kabla hujatoka nyumbani.