Naomba ushauri: kuku wa mkaa anaungua nje, mfupani bado damu

Asalaam aleikum wapishi. Banda liko kando ya barabara ya kwenda Paje, Unguja. Wateja ni wageni wa pikipiki za kukodi, wanataka sahani ndani ya dakika 10: robo kuku, wali wa nazi, kachumbari.

Kuku wa kisasa wa kilo 1.2 analala kwenye ndimu, tangawizi, kitunguu thomu, chumvi, ukwaju na vijiko 2 vya sukari. Jiko ni nusu pipa, wavu uko sentimita 15 juu ya mkaa. Dakika ya 8 ngozi nyeusi, paja ukilipasua damu inatoka.

Nimejaribu kumchemsha kwanza dakika 15. Anaiva, lakini ladha yote inabaki sufuriani na kidari kinakuwa kama pamba. Kusukuma mkaa upande mmoja na kumfunika kwa bati ndiko kulikofaa zaidi, ila ni dakika 40, na mgeni mwenye njaa hasubiri hizo.

Naomba kujua: sukari na ukwaju nizitoe kabisa kwenye kulowekea, nipake mwishoni tu? Na mnaochoma mapema, mnamhifadhi kwenye chombo gani abaki wa moto bila kukauka, na kwa muda gani?